Mama Frigo na Mukebe ya Dorika

Mudomo ya Mama Frigo ilikuwa kama wembe ya zamani: haikati safi, lakini inaacha kidonda. Kartie yetu, mutaa yote hapa Bunia, ilikuwa na alama zake. Alizaliwa wapi, baba yake nani, babu yake alichunga nini, hiyo siandiki. Watu wa hapa wameshauana ya kutosha kwa sababu ya kuulizana babu. Mimi nilimujua kupitia frigo yake, kama vile mukristo anamujua padri kupitia altare, na nitaanzia kwa frigo.

Ilikuwa frigo ya petroli, ile mafuta ya taa, nyeupe, kubwa kama kabati ya maiti. Aliinunua Mongbwalu, wakati alikuwa akiwauzia wachimba dhahabu vinywaji vya baridi, na aliirudisha Bunia juu ya lori akiwa ameikumbatia njia yote, mashimo yote, kama mutu anayepeleka mugonjwa opitali. Chini ilikuwa na tangi ya petroli na utambi, kama taa. Moto inawaka chini, baridi inatoka juu. Mpaka leo sielewi. Ukipandisha utambi, baridi inaongezeka, ukishusha, inapungua. Muelezeni mutu mwenye akili, mimi nilisoma mpaka ya tatu primeri tu.

Kila asubuhi alipiga magoti, akaweka shavu chini kwenye sakafu ya simenti, akaangalia rangi ya moto. Ikiwa buluu, alinyamaza. Ikiwa njano, alitukana utambi, muuza petroli, na mama ya muuza petroli. Watu walisema anaabudu frigo. Pasta alikuja kumuonya. Akamujibu, bado shavu iko chini:

"Pasta, Mungu yako nilimuomba baridi, akanipa jua. Hii nikiipa petroli, inanipa baridi. Nani kati yao anasikia?"

Pasta aliondoka. Kesho yake alirudi kununua maji ya baridi, na Mama Frigo akamuuzia bila kucheka. Alikuwa hivyo. Akishakupiga, habaki juu yako.

Sheria ya mulango ya frigo ilikuwa moja, na watoto wote wa kartie waliiimba wakicheza: "Fungua, kamata, funga!" Hakuna kusimama mbele ya frigo ukifikiria. Shemeji yake alifungua siku moja akaanza kuchagua kati ya Fanta na maji. Alimupiga mwiko ya bugali kwenye shingo. "Unafikiri ndani ya baridi yangu? Fikiria inje, kwenye jua ya serikali!"

Hakuwa wa kabila yangu, wala wa ile kabila tuliyokuwa tunapigana nayo. Alikuwa mutu wa kuja, kama tunavyosema hapa. Kwa hiyo wakati Bunia iligawanyika, kartie hii ya hawa, kartie ile ya wale, na kuvuka barabara ikawa kuvuka kaburi, yeye alibaki katikati na frigo yake. Kila jeshi iliyoingia ilikunywa kwake. Nitarudi kwa hiyo, na nitarudi na hasira, mujue mapema.

*

Kwanza niwaambie kwa nini mimi, mwanamuke niliyetoka kijiji ya Bule, muuza maharagi, nilikuwa na jambo na frigo ya mutu.

Mujukuu wangu Dorika aliacha kukua. Mama yake, binti yangu, alikufa mwanzo wa vita, na mutoto akabaki kwangu. Rika yake walipanda kama mahindi, yeye alibaki pale pale. Alikuwa na miaka tisa, nguo ya miaka minne inamutosha. Sura ya mwanasesere, mashavu ya mviringo, sauti nyembamba kama ya kuku mudogo. Asubuhi nyingine alikuwa anaanguka kabla ya kula, jasho ya baridi kwenye paji ya uso, mpaka nimupe maji ya sukari.

Watu walisema yote. Ndoki, walisema, muchawi anakula miaka yake. Bibi mumoja wa kanisa alinishauri nimupeleke kwenye maombi ya kufunga, siku nyingi bila chakula. Mutoto anayeanguka kwa njaa ya asubuhi moja! Ningemusikiliza, ningemuzika. Huyo bibi bado iko hai na bado anaimba kwaya, na nikimuona mpaka leo mate inakuwa chungu mudomoni.

Nilimupeleka opitali ya mision. Pale kulikuwa na dokta wa watoto, mupole, mwenye kusema polepole. Alipiga foto ya mukono ya Dorika, akanionyesha mifupa. "Mama, mutoto wako iko na miaka tisa, lakini hii ni mifupa ya mutoto wa miaka minne." Alituma damu Kampala. Jibu iliporudi alichora kichwa kwenye karatasi, na chini ya ubongo akaweka kitu kidogo kama punje ya haragi.

"Hii punje ndiyo inatuma amri ya kukua," akasema. "Ya Dorika haitumi. Hakuna aliyemuroga, na si njaa. Ile amri inatengenezwa Ulaya, tunaweza kumupa kwa sindano. Kila jioni, miaka mingi, mpaka mifupa imalize kukua."

"Na ikimaliza?"

"Mifupa ya mutoto iko na mulango, mama. Ikifunga, hata ukileta dawa yote ya Ulaya, haifunguki tena. Kwa hiyo tusichelewe."

Mutoto wangu mwanaume iko Ubelgiji. Alihangaika na opitali za kule, akalia mbele ya watu wema, mpaka wakampa dawa. Masista wa mision waliileta Kampala, na kutoka Kampala kwa ndege ndogo, ndani ya termosi yenye barafu. Ilikuwa chupa ndogo ndogo za kioo zinazoingia ndani ya kalamu ya sindano. Dokta alinifundisha kudunga: leo paja hii, kesho ile. Na alinishika mukono akanisemea neno ambayo niliirudia njia yote mpaka nyumbani:

"Isipate joto. Na isigande. Ikiganda, imekufa, hata kama unaiona nzima."

Umeme ya Bunia ilikuwa imekufa zamani. Frigo ya mision yenyewe iliibiwa na wenye bunduki. Ilibaki moja katika kartie.

*

"Frigo yangu si maternité," Mama Frigo alisema nilipofika na termosi.

"Sikuomba kuzaa ndani yake."

"Weye mama wa Bule, unajua mimi natunza nini mule? Bia. Bia haijawahi kunilaumu. Kesho dawa yako ikiharibika utakuja kulia hapa mbele ya wateja."

"Nitalia."

Aliangalia Dorika. Dorika alikuwa amefika kwenye fundo ya kanga yake kiunoni, si zaidi. Mutoto akamuangalia pia, bila kupepesa, kwa sababu alikuwa amezoea kuangaliwa.

"Huyu anakula?"

"Anakula."

"Anaiba?"

"Haibi."

Akaenda ndani, akatoka na mukebe ya maziwa ya unga iliyo tupu, akaiosha na maji ya moto, akaikausha na kitambaa safi kuliko kile alichokuwa anafungia kichwa. Akaweka dawa ndani, akaisukuma kwenye rafu ya katikati. Fungua, kamata, funga. "Kila jioni utakuja, utatoa, utadunga hapa hapa, utarudisha. Na usinishukuru. Shukrani inaniletea kikohozi."

Na kweli, hakupokea shukrani. Nilimuletea maharagi, akayapika akawagawia watoto wa barabarani, akasema yana mawe. Lakini jioni nikichelewa, nilimukuta amesimama kwenye mulango ya ua ya parsele yake, mikono kiunoni: "Sindano haina saa kwenu Bule?"

Dorika alianza kukua. Nguo ya miaka minne ilikataa kufunga mugongoni. Kuanguka kwa asubuhi kulikwisha. Siku moja alinyoosha mukono akatoa kikombe juu ya rafu bila kupanda kiti, akasimama nayo, haamini, na mimi nikakaa chini nikapiga kelele kama mutu aliyefiwa.

Wamama wa kanisa walinifuata. Walisema: watoto wa watu wanakufa na panga, na weye unatafuta dawa ya urefu? Ni kiburi. Mimi nina mudomo yangu, sikuhitaji musaada, lakini Mama Frigo alikuwa karibu, anaosha chupa.

"Mama zangu," aliwaambia, "mukiona nyumba moja inaungua, munaenda kuvunja sufuria ya jirani ili mulie pamoja?"

Walienda. Akanigeukia: "Na weye, acha kuringa. Hata mimi unanichosha."

*

Sasa bia.

Wale waliokuja kukunywa kwake siwezi kuwaandika kwa jina, na sitaki. Walikuja na damu kwenye viatu. Ninasema nilichoona. Walikaa kwenye kiti zake za plastiki, waliweka bunduki kwenye magoti, na walicheka. Niliona mumoja amevaa saa ya mukono ya mwalimu wa kartie yetu, mwalimu ambaye hatukumuzika kwa sababu hatukumupata. Mama Frigo alimufungulia chupa, akaifuta na kitambaa, akamupa.

Nilimuuliza: "Unamupa baridi mutu kama huyu?"

"Nikimupa ya moto, mwalimu anafufuka?"

"Unaweza kukataa."

"Naweza. Na kesho frigo inaenda, na mukebe ya mutoto wako inaenda. Petroli yangu inalipwa na hawa. Dawa ya Dorika inalala juu ya pesa ya hawa. Kama inakunuka, funga pua udunge."

Hii ndiyo kitu ambayo sikumusamehe, zaidi hata ya ile nitakayosema mbele: kwamba alisema kweli. Mujukuu wangu alikua juu ya kiu ya wauaji. Walipokunywa sana, moto iliwaka vizuri. Walipokuwa vitani na barza yake ikawa tupu, petroli ilipungua, na mimi, mimi mwenyewe, nilijikuta naangalia barabara nikingoja warudi. Muone vita inafanya nini na moyo ya mukristo. Hasira yangu yote mpaka leo inatoka pale.

Kulikuwa na kadogo pia, watoto wenye bunduki. Siku moja mumoja alisimama karibu na Dorika, akajipima naye kwa mukono, kiganja juu ya kichwa yake, kiganja juu ya kichwa ya mutoto wangu.

"Weye uko na miaka ngapi?"

"Kumi na moja," Dorika akajibu, kwa sababu nilimufundisha kusema kweli.

"Uongo! Mimi ndiye kumi na moja."

Mama Frigo aliingia katikati na chupa zake. "Ana sita. Hajui kuhesabu, huyu, ni mujinga, hata jina yake anasahau. Kunywa, papa, iko baridi."

Kadogo akacheka, akaenda. Dorika alilia kwa ajili ya neno mujinga, kwani alikuwa wa kwanza kwenye masomo. Wakati huo walikuwa wanachukua wasichana. Wa kumi na mbili, wa kumi na moja, ili wapike, wabebe mizigo, na mengine ambayo kila mama wa Ituri anajua na hakuna haja niandike.

Jioni ile, nilipokuwa natoa kalamu, Mama Frigo alishika mukono yangu.

"Mama wa Bule. Huyu mutoto, Mungu alimuficha ndani ya mwili yake mwenyewe. Na weye kila jioni unamutoa inje na sindano. Unamutolea nani? Hawa?"

"Mutoto si muhogo," nikamujibu. "Hafichwi chini ya udongo mpaka vita iishe."

"Muache mudogo muaka moja. Miwili."

"Na mifupa ikifunga?"

"Afazali mifupa ifunge na mutoto iko."

"Hakuna afazali hapa! Iko mutoto na iko mifupa yake, na vyote ni vyangu!"

Nilidunga. Dorika alikuwa anatusikiliza, muguu yake imenyooshwa juu ya kiti. Akasema kwa ile sauti yake nyembamba: "Mimi nataka kufika kwenye ubao." Kwenye masomo mwalimu alikuwa anamubeba ili aandike, na wengine wanacheka. Hiyo tu ndiyo alitaka duniani, na nchi yetu yote yenye dhahabu ilishindwa kumupa.

*

Kukaja komanda mumoja mupya. Alitaka bia ya kuuma meno. Si ya baridi, ya kuuma meno. Chupa ya kwanza aliigusa na mudomo, akaimwaga chini. "Mama Frigo, hii ni maziwa ya mama yako? Kesho nikikuta hivi, ile sanduku yako itaenda kulala kwenye kambi yangu."

Mama Frigo akapandisha utambi. Kiangazi chote aliacha moto juu, na komanda akafurahi, akaleta wenzake, na barza ikajaa.

Mimi nilikuwa nadunga kila jioni. Leo paja hii, kesho ile. Mutoto anauma meno, halii.

Asubuhi za kuanguka zilirudi. Nilifikiri ni malaria. Nilimupeleka kwa dokta, akamusimamisha kwenye ukuta, akapima, akapima tena. Hakuongezeka hata unene wa kucha. Akaomba aone dawa. Nilikuwa nimebeba kalamu ndani ya kitambaa chenye maji. Alitoa ile chupa ndogo, akaielekeza kwenye jua ya dirisha, akaitikisa kidogo, na mimi pia nikaona: ndani kulikuwa na vipande vipande vyeupe, kama maziwa inayoanza kuharibika, na kwenye kioo ufa mwembamba kama unywele.

"Mama," akasema polepole zaidi ya siku zote, "hii iliganda."

Niliitembea ile njia ya kurudi sijui kwa miguu ya nani. Niliingia kwa Mama Frigo katikati ya wateja, nikafungua frigo bila kuomba. Rafu ya katikati, nyuma, barafu. Mukebe ya mutoto ilikuwa imekaa ndani yake kama jino ndani ya ufizi, na pembeni kulikuwa na mikwaruzo ya kisu, mahali mutu aliing'oa mara nyingi.

"Ulijua," nikasema.

Alikuwa na chupa tatu kwenye kila mukono. Akaziweka chini moja moja.

"Nilijua."

"Unaing'oa na kisu, unanipa."

"Naing'oa asubuhi, naweka kwapani mpaka inayeyuka, narudisha. Jioni unaikuta maji."

"Kusudi? Ile maneno yako ya kumuacha mudogo? Ili wasimuchukue? Ulifanya kusudi?"

Na hapa muelewe, nilikuwa namupa mulango. Hata katika ile hasira niliona mulango iko wazi mbele yake. Angesema tu ndiyo. Angesema: mama wa Bule, nilimuficha mutoto wako. Wiki ile ile walikuwa wamechukua msichana wa jirani, na wangu alipita mbele yao kila siku na hakuna aliyemuona. Ningemupiga, lakini siku moja ningekuja kumushukuru, na yeye alijua.

Alijipangusa mikono.

"Ningependa kusema ndiyo," akasema. "Lakini hapana. Ilikuwa bia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia hapa. Na komanda alikuwa anakuja."

Nilimupiga kofi. Mukono yangu ya kulima, ya kupiga maharagi. Kitambaa yake ya kichwa iliruka mpaka kwenye chupa. Mumoja wa wenye bunduki akasema "Eeeh!" kama kwenye mupira. Yeye hakushika shavu. Aliangalia nyuma yangu.

"Sasa funga mulango ya frigo," akasema. "Baridi inatoka."

*

Ningependa kuandika kwamba sikurudi kwake. Lakini dawa mupya ilipofika, frigo ilikuwa ile ile moja. Nilirudi na termosi, nikaiweka kwenye meza bila salamu. Aliichukua bila salamu. Alipiga magoti mbele yangu, shavu kwenye simenti, akashusha utambi mpaka moto ikawa ndogo kama kucha ya mutoto. Halafu akaweka mukebe mbele kabisa, karibu na mulango, mahali barafu haifiki.

Siku ile komanda alipewa bia ya kawaida. Nilikuwepo, mutoto yuko kwenye kiti, sindano mukononi. Alionja. Akasimama, akamumwagia Mama Frigo chupa yote kichwani, polepole, mpaka tone ya mwisho, na wenzake wakapiga mikono. Povu ilimushuka mpaka kwenye kidevu. Yeye alisimama wima kama mutu anayebatizwa.

Walipoenda nikamupa kitambaa. Akaikataa. "Usinihurumie. Nywele ilikuwa inahitaji kuoshwa."

Kila siku waliokuja walimutukana, na bia ikabaki ya kawaida, na Dorika akaanza tena kupanda. Halafu lile jeshi likafukuzwa na jeshi lingine, na wakati wa kukimbia walipakia vitu vya watu. Frigo pia. Wanaume wanne waliibeba. Mama Frigo hakushika frigo. Alikimbia nyuma ya gari, viatu vikabaki barabarani, anapiga kelele: "Chukueni! Chukueni yote! Munitupie mukebe tu! Mukebe ya maziwa, munitupie!" Masasi ya bunduki ililia juu ya nyumba. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na mutoto, nilisikia sauti yake tu, mengine majirani waliniambia. Alirudi na mukebe ndani ya kanga, goti imechunika mpaka nyama nyeupe.

Tuliiweka dawa ndani ya chungu, chungu ndani ya muchanga yenye maji, kwenye kivuli, na tukaitumia mpaka ikaisha. Hakukuwa na baridi ya kuletea nyingine, wala njia, wala masista. Walipofungua tena njia ya Kampala, dokta alipiga foto ya mukono ya Dorika, akanionyesha mifupa. Mulango ya mifupa ilikuwa imefunga.

Usifikiri naandika goti yake ili umupende. Kile kiangazi chote, Dorika alidungwa maji ya bure. Alibaki chini ya ubao, anafika katikati tu. Leo ni mwanamuke mukubwa, anashona na mashine ya muguu, kiti imepandishwa juu ya matofali na pedali imefungiwa kipande ya mbao, na anachoka kabla ya saa sita kama mama muzee. Aliteleza siku moja kwenye matope, mukono ikavunjika kama kijiti. Dokta mwingine alisema hata mukubwa anahitaji ile amri ya punje, si kwa urefu tena, kwa mifupa, kwa moyo, kwa nguvu. Nikamuuliza inapatikana wapi. Akaangalia dirisha. Ninyi mulio kwenye ofisi za Kinshasa, munaoandika kwamba vita ya Ituri iliua watu kadhaa, njooni muandike pia wale ambao haikuwaua. Iliwakata tu.

*

Mama Frigo alihamia upande wa ziwa, Mahagi-Port, kwa ndugu yake. Miaka ikapita. Sikumutafuta.

Mwaka jana alirudi Bunia kutibiwa macho, na akapita kwetu. Sisi tulikuwa kwenye barza, mimi nachagua maharagi, Dorika anatia uzi kwenye mashine. Nilisikia kwanza fimbo. Halafu nikaona mutu amekunjika katikati kama kisu ya mufukoni, uso unaangalia ardhi, na ile mudomo tayari inatukana mufereji yetu.

"Kuna watu hapa, ao ni mbuzi tu?"

"Kuna watu," nikasema. "Unatafuta nani?"

"Sikutafuti weye. Iko wapi mutoto?"

Dorika akasimama. Alishuka pale kwenye kiti yake ya juu, akamuendea, akasimama mbele yake karibu kabisa, mikono chini, mugongo sawa, kama anavyosimama kila mara watu wakimuangalia. Mama Frigo alijaribu kuinua kichwa. Mugongo ilikataa. Alitoa mukono, akaanza kupapasa: tumbo, kifua, bega. Pale kwenye bega mukono ilimaliza urefu yake.

"Yesu," akasema. "Amenipita! Mama wa Bule, amenipita!"

"Hajakupita," nikasema kutoka pale nilipokaa. "Ni weye uliyekunjika. Usijipe sifa."

"Najua mimi nilivyo," akasema. "Nilitaka tu kusikia utasema nini."

Halafu akanong'ona kitu, kwa Dorika, si kwangu. Alikuwa na sauti ya chini sasa, upepo ya ziwa ilimukula koo. Dorika hakusikia. Na mujukuu wangu, ambaye maisha yake yote alinyoosha shingo ili aongee na watu, aliweka mikono kwenye magoti, akainama, akateremusha sikio mpaka kwenye mudomo ya ule muzee.

Sijui alimuambia nini. Sikuuliza. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagi, na nilikuwa na hasira, kwa sababu ile kitu, kumuona Dorika anainama, ilikuwa nzuri kuangalia.